Haibridi inakula mafuta: mtafute mwizi kabla hujaisingizia betri

Hapa Mombasa haipiti wiki bila mtu kunijia na swali lilelile: "Niliambiwa Aqua inakwenda kilomita thelathini na tano kwa lita. Yangu inanipa kumi na nne. Betri imekufa?" Mara nyingi betri haijafa. Mara nyingine hata gari lenyewe halina ugonjwa wowote. Lakini muulizaji huwa ameshatajiwa bei ya betri na usingizi umeshamruka, na wapo waliolipa pesa hiyo kisha gari likabaki vilevile. Inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu wezi wengi wa mafuta hukamatwa kwa daftari, geji ya upepo na mikono miwili.

Nitaizungumzia zaidi Toyota Aqua kwa kuwa ndiyo haibridi ninayoiendesha, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mengi yanafaa pia kwa Prius, Axio na Fielder za haibridi, maana mfumo wao ni wa ukoo mmoja.

Anza na hesabu

Kabla ya kufungua boneti, shika kalamu. Wengi wetu hatujazi tangi. Tunaweka ya elfu moja leo, ya mia tano kesho kutwa, halafu tunalihukumu gari kwa jinsi pesa zilivyoisha mfukoni. Bei za EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hubadilika kila mwezi, kwa hiyo shilingi haiwezi kuwa kipimo. Pima lita.

Jaza hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na umwombe mhudumu asiongeze. Andika kilomita. Tumia mafuta hadi yashuke chini ya nusu, rudi kwenye kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Tangi la Aqua ni la lita 36 tu. Pampu ikijikata mapema kwa lita 2, na wewe ulikuwa umetumia 12, jibu lako limepotoka kwa sehemu moja ya tano. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa ushahidi wa tangi moja. Chukua matatu mfululizo, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye.

Asiyeweza kujaza tangi afungue ukurasa kwenye simu na kila anapoweka mafuta aandike lita na kilomita. Mwezi ukiisha, kosa dogo la mwanzoni na la mwishoni litamezwa na wingi wa lita.

Namba ya dashibodi ni nzuri kwa kulinganisha wiki hii na iliyopita. Usiishikilie kama ushahidi, kwani kwa kawaida hulipendelea gari. Na kama ulibadilisha tairi za 175/65R15 ukafunga 185/65R15, kipenyo cha gurudumu lako sasa kimeongezeka kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo unatembea kilomita 102 na mita inakuhesabia 100. Gari halijaanza kula, ni kipimo kilichobadilika.

Hiyo 35 ilitoka wapi?

Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Kipimo hicho hufanywa juu ya rola ndani ya maabara, mwendo wa wastani ni kilomita 24 hivi kwa saa, hakivuki 82, na kiyoyozi kimezimwa. Hakuna lori la kontena mbele yako Kibarani, wala jua la Februari.

Gari hilohilo liliuzwa Marekani kwa jina la Prius C, na wakala wa serikali ya huko, EPA, akalipatia namba ambazo ukizigeuza ni kilomita 22.5 kwa lita mjini, 19.6 barabara kuu, na 21.3 kwa wastani. Shika hizo. Mimi nikiona Aqua ya 18 hadi 22 nasema ni nzima, mwenyewe aende zake. Ikiwa 15 katika matumizi ya mchanganyiko naanza kuuliza maswali. Ikishuka chini ya 12 nakaa chini, maana pana jambo.

Dalili: barabara kuu iko sawa, mjini ndiko inakula

Uliza kwanza: gari linasimama kwa muda gani likiwa limewashwa? Kiyoyozi cha haibridi huzungushwa kwa umeme wa betri kubwa, na betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ya Aqua ni volti 144 kwa ampea-saa 6.5, yaani haifiki kilowati-saa moja, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Kwenye joto letu, kiyoyozi pamoja na vifaa vingine vinaweza kuvuta kilowati moja na zaidi. Ndiyo maana ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni injini hujiwasha, hunguruma dakika chache, huzima, kisha hurudia. Inachaji betri ili wewe upoe.

Kwa makadirio yangu, saa moja ya kusimama hivyo hula kama nusu lita. Chukua mtu anayetembea kilomita 25 kwa siku. Gari la 20 kwa lita litatumia lita 1.25. Ongeza nusu lita ya kusimama, inakuwa 1.75, na gari "limeshuka" hadi 14. Hakuna kilichoharibika. Fundi akifungua betri ya gari hili atakuwa anatafuta ugonjwa kwa mtu mwenye afya.

Je, uzime kiyoyozi? Hapa nakusihi usikilize vizuri, kwa sababu ushauri wa kukizima umeua betri nyingi za pwani. Betri ya Aqua hupozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kutoka pale wanapokaa abiria. Ukiendesha mchana wa jua kali bila kiyoyozi, unaipuliza kwa hewa ya moto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi. Kama utasimama muda mrefu na mnaweza kushuka mkakaa kivulini, zima gari zima. Lakini ukiwa mwendoni wakati wa joto, washa kiyoyozi kwa kiasi na uhesabu mafuta hayo kama bima ya betri.

La pili ni safari fupi. Injini ikiwa baridi, Toyota huiwasha hata kama betri imejaa, ili ipate moto yenyewe na kichujio cha moshi. Mtu anayepeleka watoto shule kilomita 2, akarudi, akasubiri gari lipoe, kisha akaenda sokoni kilomita 2 nyingine, analipa gharama ya kuipasha injini mara mbili na hapati faida ya umeme hata mara moja. Unganisha safari: shule, soko, benki, nyumbani. Utaona tofauti kwenye daftari ndani ya wiki mbili. Hata ndugu zetu wa Nairobi wanaowasha hita asubuhi za Julai huilazimisha injini iendelee kufanya kazi, kwa kuwa joto la hita linatoka kwenye maji ya injini.

La tatu ni gia ya N. Madereva waliotoka kwenye magari ya kawaida wana mazoea ya kuweka N kwenye foleni. Katika haibridi ya Toyota, ukiwa N betri kubwa haichajiwi. Inanyonywa tu, na ukirudi D injini inabidi ilipe deni. Kaa kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au weka P.

Dalili: mjini safi, safari ndefu ndiyo inakula

Wengine hushangaa kwa nini Mombasa kwenda Nairobi haiwi rahisi kuliko mjini. Faida ya haibridi hutokana na kusimama na kuondoka: kila unapofunga breki, umeme unarudi kwenye betri. Ukiwa na mwendo mmoja wa kilomita 110 kwa saa hakuna cha kurudisha, na injini ndiyo inabeba kazi. Upepo nao hauna huruma. Kutoka 80 hadi 110, nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma karibu inaongezeka maradufu. Keria ya paani huongeza juu yake, hata ikiwa tupu. Ivue.

Kisha kuna mlima usiouona. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na barabara inapanda polepole kiasi kwamba macho hayatambui. Aqua ina uzito wa kilo 1,080. Ikibeba watu watatu na mizigo ni kilo 1,300. Kuinua uzito huo mita 1,700 kunahitaji megajuli 21 na kitu. Lita ya petroli ina kama 32, lakini injini hugeuza kama theluthi tu kuwa mwendo. Kwa hiyo kupanda peke yake kunakula lita 2 hivi, juu ya zile 24 za safari ya kilomita 480. Gari la 20 kwa lita litasoma 18.5 kwenda na zaidi ya 20 kurudi. Ukitaka kulijua gari lako, hesabu kwenda na kurudi kwa pamoja.

Mteremko mkali ni habari nyingine. Ukishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, betri hujaa katika dakika chache, na baada ya hapo kompyuta huizungusha injini bila kuchoma mafuta ili ikuzuie. Utaisikia ikivuma na utadhani imepata wazimu. Ni kawaida. Gia ya B imewekwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Anayeendesha na B siku nzima akidhani B ni "betri" anapoteza sehemu ya nguvu ambayo D ingeirudisha.

Mwenye Nissan Note e-Power atarajie tofauti hii iwe kubwa zaidi. Ndani yake injini haishiki magurudumu. Inazalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma. Foleni za mjini inazipenda. Kwenye barabara kuu, kugeuza petroli kuwa umeme na umeme kuwa mwendo kuna ushuru wake.

Dalili: ilianza tu baada ya kutoka gereji

Hii naipenda kwa sababu mwizi ameacha nyayo. Uliza kilichoguswa.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni thamostati, valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuna imani ya zamani kwamba pwani ni joto, thamostati inazuia maji, bora itolewe injini isichemke. Kwenye gari la kawaida hilo ni kosa. Kwenye haibridi ni msiba. Kompyuta haikubali kuizima injini mpaka maji yafike joto fulani. Thamostati ikitolewa, au ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza na injini haipati moto ipasavyo. Unasimama kwenye taa, nayo inaendelea kunguruma. Unateremka, inanguruma. Gari limegeuka kuwa la petroli tupu linalobeba betri kama mzigo.

Kupima ni rahisi. Chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), endesha robo saa, usome joto la maji. Linatakiwa kuvuka nyuzi 80 na kutulia hapo. Likigota 60, au likishuka kila unapoachia mafuta, umempata. Mara nyingi kompyuta huwa imeshaandika namba P0128, yaani maji hayafikii joto linalotakiwa. Thamostati mpya haikaribii hata kidogo bei ya betri. Fundi akikwambia "haihitajiki", mwambie kwa heshima airudishe.

Mshukiwa wa pili ni oili. Injini ya Aqua ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20. Gereji nyingi zina pipa moja la 20W-50 kwa kila anayeingia. Oili nzito huifanya injini ijisukume yenyewe kwa shida, na injini ya haibridi huwaka na kuzima mara nyingi sana kwa siku. Nunua kopo mwenyewe, uende nalo. Simama pale inapomwagwa, kisha kijiti cha kupimia kisome kati ya alama mbili, kisizidi.

Dalili: imepungua kidogokidogo, hukumbuki tangu lini

Anza na upepo wa tairi, zikiwa baridi, asubuhi. Kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa vipimo vya Japani. Ukiona 220, hiyo ni kPa, sawa na psi 32. Nimekuta magari ya psi 22 ambayo wenyewe walikuwa wameshakusanya pesa za betri. Kichujio cha hewa kiangalie pia, hasa kama njia zako ni za vumbi, na sensa ya hewa iliyo nyuma yake isafishwe kwa dawa yake maalumu, si petroli.

Kisha njoo kwenye breki. Kwetu pwani hapa ndipo nimekuta wezi wengi. Haibridi hupunguza mwendo kwa mota, kwa hiyo pedi hazifanyi kazi sana. Watu husifu kwamba pedi zinadumu. Ubaya wake ni kwamba kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, na pini zake hukaa bila kucheza, chumvi ya baharini inaingia, kutu inashika, na siku moja pedi inagoma kurudi nyuma. Gari linatembea huku limefungwa breki kidogo, saa zote.

Aqua ninayoiendesha ilishuka kutoka 20 hadi 16 katika muda wa miezi michache. Nilipoipeleka kwenye gereji moja nikaambiwa moduli tatu, yaani vipande vinavyounda betri, zimechoka. Zikabadilishwa, nikalipa, ikabaki 16. Siku moja nikielekea Voi nilisimama Mariakani kununua maji, na nilipopita upande wa kushoto mbele nikahisi joto likinipiga mguuni kama niko karibu na jiko. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Kalipa ilikuwa imeshika. Kusafisha pini, kuzipaka grisi na kubadilisha mpira wa kalipa kulichukua asubuhi moja, na tangi lililofuata likarudi 19.

Kwa hiyo jaribu hivi. Endesha kilomita 10 au zaidi, mwishoni liachie gari lipunguze mwendo lenyewe ili usizipashe breki moto, kisha simama. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Linganisha mawili ya mbele, halafu mawili ya nyuma. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, lina kesi ya kujibu. Au inua gari kwa jeki, mahali tambarare, liwekwe kwenye stendi, uzungushe gurudumu kwa mkono. Nyuma Aqua ina breki za ngoma, na handibreki iliyokazwa kupita kiasi hufanya uharibifu uleule kimyakimya.

Wenye Prius ya kizazi cha tatu, ZVW30, wana mshukiwa wa ziada: njia ya kurudishia moshi, EGR, ambayo huziba kwa masizi. Injini ikitetemeka sana asubuhi inapowaka mara ya kwanza, na maji ya kupozea yanapungua bila kuvuja nje, usilifikirie tena suala la mafuta. Gasketi ya kichwa inaweza kuwa imeanza kuachia, na kila siku ya kusubiri inaongeza gharama.

Dalili: ngazi za betri zinaruka, feni inavuma

Hapa ndipo betri yenyewe inapoingia kizimbani. Ushahidi wake unaonekana. Ngazi za chaji zinapanda hadi juu kwa dakika mbili, zinaporomoka ukipanda kilima kidogo cha daraja la Nyali, zinapanda tena. Feni ya nyuma inavuma hata asubuhi. Injini inawaka kila mara. Mwishowe inakuja taa ya pembetatu nyekundu na namba P0A80, yaani kompyuta inataka betri kubwa ibadilishwe.

Hata hapo, anza na feni. Mlango wake wa hewa kwenye Aqua uko chini ya kiti cha nyuma; kwenye Prius ya ZVW30 uko ubavuni mwa kiti. Nimekuta umezibwa na zulia, na mkoba wa shule, na kava la kiti lililoshonwa likashuka hadi chini. Ndani, bawa la feni limevaa koti la vumbi na nyuzi. Safisha kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, kila mwaka, na mapema zaidi kama unabeba abiria. Kazi hii ndogo inaweza kuiongezea betri maisha kuliko dawa yoyote inayouzwa.

Kisha taka ushahidi wa namba. Skana ndogo ya kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu kama Dr. Prius itakuonyesha volti za makundi ya seli yakiwa kazini. Betri iliyochoka kwa umri hushuka makundi yote kwa pamoja. Betri yenye moduli mbovu huonyesha kundi moja likizama peke yake kila ukikanyaga mafuta huku mengine yametulia. Fundi anayesema "seli zimekufa" bila kukuonyesha namba hizo, ondoa gari lako.

Moduli ziko 20 katika Aqua, kila moja volti 7.2. Kubadilisha moja au mbili kunawezekana, na kuna wakati nakushauri, kwa mfano kama unataka kuvuka miezi sita ukikusanya pesa. Lakini elewa unachonunua. Moduli yenye nguvu ikiwekwa kati ya wazee 19, nyingine itaangusha kundi baada ya miezi, na utarudi tena na tena. Kama betri ina umri wa miaka 10 ya joto la pwani na makundi matatu yameshaonyesha udhaifu, pesa ya seti nzima yenye dhamana ya maandishi ndiyo ya bei nafuu.

Na usiifungue mwenyewe. Volti 144 za betri hupandishwa ndani ya inveta, kifaa kinachoandaa umeme wa mota, hadi 520. Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiye na glovu za volti kubwa. Hata fundi akishachomoa plagi ya usalama lazima asubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta uishe. Ukimwona anachomoa na kuingiza mkono papo hapo, mzuie, hata kama gari si lako.